Mwonja Supu wa Turffontein

Wiki iliyopita tulimwacha Ruphin amepiga magoti mbele ya bwana wake, kijiko mkononi, na neno moja limeshamtoka mdomoni.

"Salama!"

Msomaji wangu, neno lile lilikuwa uongo mtupu. Kijiko kilipanda mpaka midomoni, kikashuka, na supu yote ikaishia ndani ya kitambaa alichokificha kiganjani. Ulimi wake haukuonja hata tone. Kisha akainua macho, akamwona Shufaa mpishi amesimama kwenye mlango wa jikoni, mate yanamchuruzika kidevuni, kidole kinaonyesha bakuli la Mzee Jumbe.

Hapo ndipo nafasi iliponiishia, na baadhi yenu mkanisema vibaya mpaka saluni. Haya, shikeni gazeti vizuri.

Waliojiunga leo wasipotee. Mzee Jumbe ni mtu wa Tanga aliyekaa Nagoya miaka mingi akiuza magari yaliyotumika. Magari yakampa utajiri, Japani ikampa wazimu. Alipokuja Johannesburg akanunua jumba huku Turffontein, jirani na uwanja wa mbio za farasi, na akaamua kuishi kama watawala wa kale wa Japani, wale waliolindwa na samurai. Samurai ni askari wa kiapo. Akishaapa, roho yake si yake tena, ni ya bwana wake.

Ruphin, mtoto wa Uvira, alikwenda pale kuomba kazi ya ulinzi kama Wakongo wenzake wanaosimama milangoni mwa maduka. Badala ya redio ya mkononi akapewa upanga. Akafundishwa kumwita Jumbe "Tono", yaani bwana mkubwa. Akafundishwa kuamka kabla yake, kuupaka upanga mafuta ya karafuu, kutembea hatua moja nyuma, kulala amekaa mlangoni pake, kutompa mgongo na kutomuuliza kitu. Simu yake huiacha kwenye sanduku la mlangoni kila aingiapo.

Na kuonja. Katika jumba lile hakuna mtu anayetia kitu mdomoni kabla mwonjaji hajakitangaza kuwa salama, tena kwa sauti ya kufika ghorofani. Miezi mingine kazi hiyo ni ya Selemani, mkubwa wa walinzi. Lakini huu ni mwezi wa Ramadhani, Selemani amefunga, na futari lazima ionjwe kabla jua halijazama ili bwana asingoje. Nani aonje?

"Mkristo si yupo?" alisema Jumbe, na mjadala ukaishia hapo.

Hakuna aliyemuuliza Mkristo kama naye amefunga.

Naye alikuwa amefunga! Kanisa lao la Troyeville liliitisha maombi ya siku tatu, bila chakula wala maji, na Ruphin na mkewe Murielle waliingia kwa moyo wote, maana ndoa yao ina miaka na nyumbani hakujalia mtoto. Mchungaji alisema tone moja tu likipita kooni, maombi ya mke na mume yamemwagika. Leo ilikuwa siku ya tatu. Wangefungua jua likizama, wakati uleule wa futari. Ruphin akaona si haki kumpoteza mtoto kwa kijiko cha supu ya tajiri, tena dakika za mwisho.

Isitoshe, kuonja kwenyewe alikuona ni mchezo wa mzee mwenye pesa. Nani amtilie sumu muuza magari?

Sasa Shufaa alikuwa mlangoni na jibu.

Kama wapishi wote wa Ramadhani, Shufaa huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, kisha hutema. Leo bakuli la bwana lilikuwa limeshatoka jikoni ndipo alipokumbuka chumvi. Akagusa supu ya kwenye sufuria, akatema, na ulimi ukafa ganzi hapohapo. Yeye ni Mzanzibari, mtoto wa wavuvi. Akajishika shavu, halafu akaitanua mikono yake kama mtu anayeshika puto.

Ruphin alimwelewa. Bunju! Yule samaki anayejivimbisha, ambaye watu wa pwani humtupa kwa sumu yake na Wajapani humla kwa mpishi maalumu. Jumbe mwenyewe alikuwa na wake kwenye friza, wa kujivunia mbele ya wageni.

Ruphin aliogopa.

Nje ngurumo ilipiga. Simu ya Jumbe ikaadhini. Mzee akachukua tende, akasema bismillahi, akatafuna polepole. Akanywa maji. Akanyoosha mikono kulichukua bakuli.

Ruphin akisema kuna sumu, ataulizwa: ulionjaje ukabaki mzima? Na sheria ya nyumba ile ilikuwa inajulikana: anayedanganya kwenye kijiko hulipa kwa shingo. Cédric, aliyekuwa mlinzi kabla yake, alisinzia tu mlangoni, na tangu siku aliyoitwa chumba cha panga hakuna aliyemwona mitaa ya Bertrams wala Yeoville. Na akinyamaza? Jumbe atakufa, na mwonjaji aliye hai ndiye wa kwanza kukamatwa.

Bakuli lilikuwa limefika kidevuni.

Ruphin aliruka. Alivuka mpaka wa mkeka ambao hakuna askari anayeuvuka, akalipiga bakuli kwa kiganja, na supu ikamrukia bwana mkubwa kifuani.

Hakumaliza hata kusimama. Ubaridi wa chuma ulimgusa chini ya sikio. Selemani alikuwa ameshachomoa upanga.

"Kaka, tulia," Selemani alimnong'oneza. "Usitikisike hata kidogo."

Jumbe alijifuta kifua kwa kitambaa, bila haraka. Hilo ndilo lililotisha zaidi.

"Wee kijana, umepandwa na pepo?"

"Ile supu iko na sumu, Tono."

"Si umeionja?"

"Ndiyo, Tono."

"Ukasema salama."

"Ndiyo, Tono."

"Basi mbona hujafa?"

Kabla Ruphin hajajibu, Shufaa alisogea akajitupa chini, akafunua kinywa chake ili bwana aone. Ulimi ulilala upande mmoja, maneno yakatoka yamevurugika, lakini "bunju" lilisikika.

Jumbe alimtazama mpishi, akamtazama mwonjaji.

"Nenda kasukutue, mama. Sukutua sana." Kisha akageuka. "Selemani, mletee ndugu yako bakuli jingine kutoka sufuria ileile."

"Tono, huu mwezi mtukufu," Selemani alijaribu.

"Ni mtukufu hata kwa aliyenitilia sumu. Leta."

Bakuli likaletwa, likawekwa mikononi mwa Ruphin. Mvuke ulimpanda puani, na, aibu iliyoje, tumbo la siku tatu likanguruma kwa hamu. Mtu anataka kufa na tumbo lake linashangilia!

"Kunywa," alisema Jumbe. "Uliionja ukabaki mzima. Onja tena tuone."

Ruphin aliutazama uso wa supu. Alimwona Murielle, ambaye saa ileile alikuwa ghorofani akimsuka Fauzia, mke wa Jumbe, misuko ya Idi. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kutoka geti lile yeye na mkewe wakiwa hai. Akaliweka bakuli mkekani.

"Sikuonja, Tono."

Jumbe alitega sikio.

"Rudia."

"Sikuonja. Hata jana. Hata juzi."

"Siku tatu nafuturu kwa ulimi wa uongo?"

"Tuko mu maombi ya kufunga, Tono. Mimi na bibi yangu. Tuliomba Mungu atupe mtoto. Nisamehe, Tono. Mi sikuwazaka mtu anaweza kukutilia sumu."

Jumbe akacheka. Alicheka kweli, meno yote nje, mpaka Selemani naye akajaribu kutabasamu. Kisha kicheko kikakatika.

"Selemani, shusha upanga. Huyu ni mwongo, lakini si muuaji. Muuaji hakimwagi alichokipika." Alimsogelea Ruphin, wakawa uso kwa uso. "Sasa nisikilize vizuri. Mtu mwenye akili hatii sumu kwenye chakula kinachoonjwa. Mwonjaji ataanguka kwanza, bwana atanusurika. Aliyepika mpango huu alijua kijiko chako ni kitupu. Alijua umefunga. Ulimwambia nani?"

Damu ilimganda Ruphin.

Hakumwambia mtu yeyote. Selemani hakujua, Shufaa hakujua. Aliyejua ni Murielle peke yake. Akilitaja jina hilo, wataletwa wote wawili mbele ya upanga.

Akafumba mdomo.

"Nimekuuliza."

Ruphin aliutazama mkeka.

Jumbe alitoa mfukoni rimoti ya geti, akabonyeza. Kule nje chuma kikasaga, geti la umeme likajifunga kwa kishindo. Nyaya za umeme za juu ya ukuta zilikuwa zinavuma kwa mvua.

"Hatoki mtu," alisema. "Si mgeni, si mwenyeji. Geti hili litafunguka nikishapata jina."

"Kuna nini huku chini, mume wangu?"

Wote waligeuka. Fauzia alikuwa ngazini, kichwa nusu kimesukwa na nusu bado, ushungi wa kijani umelala mabegani. Mwanamke mzuri, tena mtulivu. Nyumba nzima ilijua kwamba Idi ikipita, Jumbe atakwenda Tanga kuoa mke wa pili, msichana wa rika la binti yake. Nyumba nzima ilishangaa jinsi Fauzia alivyoipokea habari ile bila kupandisha sauti.

"Supu ina sumu," alisema Jumbe. "Umekunywa?"

"Mimi? Sijakunywa, nilikuwa naswali." Akajishika kifua. "Ya Rabbi! Msusi wangu amekunywa!"

Aliyasema hayo akimtazama Ruphin machoni, wala hakupepesa.

Ruphin alimpa Tono mgongo kwa mara ya kwanza tangu aape. Alipanda ngazi akikanyaga pindo la vazi lake refu la kisamurai, akaanguka, akainuka, akausukuma mlango.

Murielle alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, kitana bado mkononi. Bakuli la futari ya Fauzia lilikuwa kando yake, limekauka.

"Chéri, mpenzi," alisema polepole. "Midomo yangu, siisikie tena."

"Murielle! Ulikunywa yote?"

"Yote. Jua lilishazama. Nilikuwa na njaa." Alijaribu kutabasamu, upande mmoja wa mdomo ukakataa. "Na Madame alinisimamia hapa. Akasema, mume wako ameonja, nimesikia sauti yake. Ao hauamini bwana yako? Nikawaza, nikikataa atajua unadanganyaka."

Msomaji, kuna maneno ambayo mwanamume akiyasikia, bora angechapwa. Mkewe alikuwa amekunywa sumu ili kuufunika uongo wake.

"Murielle, nani anajuaka tuko tunafunga? Ulimwambia nani?"

"Hakuna mutu." Alifikiri, macho yakijitahidi. "Ni Madame tu. Jana, wakati namsuka. Alinipa chai, nikasema apana, kanisa yetu imefunga siku tatu. Akauliza, hata Papa Ruphin? Nikasema ndiyo, sisi wote wawili. Ni hiyo tu. Sikumuambia mambo ya kijiko."

Hakuhitaji kumwambia. Fauzia alikuwa na akili za kutosha kumalizia mwenyewe. Na sasa shahidi pekee wa mazungumzo yale alikuwa sakafuni, ulimi unakufa.

Ruphin alimbeba mkewe mgongoni. Wasusi husimama kutwa nzima na miguu yao ina nguvu, lakini ya Murielle ilikuwa inaning'inia. Alishuka ngazi akiita jina la Yesu kila hatua, na hofu ilikuwa imemjaa hata hakuona alipopita.

Jumbe alikuwa amesimama mlangoni, rimoti mkononi. Fauzia alikuwa ameketi kitini nyuma yake, ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Fungua, Tono! Bibi yangu anakufa! Fungua nimpeleke hospitali!"

"Jina."

"Tono, nakuomba! Piga simu ambulensi!"

"Ambulensi ikija na polisi watakuja, na aliyetaka kuniua atatoka katikati yao akiwa amevaa kanzu ya mtu mwema. Hapana. Hiyo hospitali haiko mbali. Gari liko mlangoni, ufunguo umo ndani. Nipe jina nibonyeze hapa."

"Mtaje tu, Ruphin," alisema Fauzia kwa huruma. "Mtaje basi, mgonjwa awahi. Maskini, tazama anavyohema."

Murielle alikuwa akihema kwa shida kweli. Kifua chake kilipanda na kushuka juu ya mgongo wa mumewe, na kila pumzi ilichelewa kuliko iliyotangulia.

Ruphin alimtazama Fauzia. Jina lilikuwa ulimini. Lakini alitazama mbele zaidi, kwa kuwa hofu nayo ina akili zake. Akisema "ni mke wako", Jumbe atauliza ushahidi. Fauzia atalia, ataapa, ataita jina la Mwenyezi Mungu. Shahidi hawezi kusema tena. Watabishana, na wakati wanabishana Murielle ataacha kupumua.

Alihitaji jina litakaloaminika papo hapo. Jina la mtu aliyewahi kulishika bakuli lile kwa kazi, mtu ambaye angeweza kuambiwa siri na rafiki yake.

Macho yake yakahama yenyewe.

Selemani wa Temeke. Selemani aliyemkuta analala kwenye ngazi za jengo moja Doornfontein, akamchukua chumbani kwake, akamgawia godoro, akamtafutia kazi hii. Selemani aliyekuwa akimwachia futari kila jioni bila kujua kwamba mwenzake naye ana njaa.

"Nilimwambia Selemani," alisema Ruphin.

Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Fauzia aliinua kichwa ghafla. Hata yeye hakulitegemea.

Jumbe alimgeukia mkubwa wa walinzi wake, mtu aliyelala mlangoni pake tangu jumba lile linunuliwe, na uso wa mzee ukazeeka hapohapo.

Selemani alikuwa na upanga kiunoni, na njia ya jikoni ilikuwa wazi nyuma yake. Angeweza kukana. Angeweza kumwita Ruphin mbwa, na angekuwa na haki. Badala yake alimtazama Murielle, kichwa kimelalia bega la mumewe, mate yanatoka. Akamtazama Ruphin. Alikuwa anaelewa.

Akapiga magoti. Akauchomoa upanga kiunoni pamoja na ala yake, akaulaza mkekani mkono wa kulia. Kwa samurai hilo ni neno kamili. Upanga ukilazwa kushoto, mwenyewe anaweza kuuchomoa wakati wowote. Ukilazwa kulia, amekubali na hatapigana.

"Ni kweli, Tono," alisema. "Aliniambia. Ni mimi. Fungua geti."

"Selemani!" Ruphin alipiga kelele.

"Nyamaza wewe. Mpakie shemeji."

Jumbe alibonyeza rimoti. Geti likaanza kusogea, polepole, likilalamika. Ruphin hakungoja. Alikimbia mvuani na mzigo wake, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akamlaza Murielle kwenye kiti, akamfunika kwa vazi lake.

"Tunaenda, mama. Tunaenda sasa hivi."

Murielle aliyafumbua macho yake. Akataka kusema kitu, ulimi ukamkatalia.

"Wewe hutoki."

Jumbe alikuwa nyuma yake, mvua inamchuruzika kwenye ndevu. Mkono mmoja ulishika rimoti. Wa pili ulishika upanga mrefu, ule wa ukutani ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa.

"Mkeo ataendeshwa mpaka hospitali, nakuapia kwa mwezi huu. Lakini wewe umemshtaki mwenzako, na mwenzako amekiri. Desturi ya nyumba hii unaijua. Mwenye hatia hupiga magoti ajipasue tumbo kwa kisu chake, na aliyemshtaki husimama nyuma yake na upanga amkate shingo."

"Tono, hapana. Mi siwezi."

"Kiapo chako kilisema unaweza. Ukikataa, nabonyeza hapa, geti linafunga na gari likiwa ndani."

Mpini ulibanwa kwenye kiganja chake. Ulikuwa mzito na umelowa.

Ruphin alilitazama geti lililo wazi, akalitazama gari. Alitaka kusema ukweli wote pale pale, kwamba Selemani hana kosa, kwamba muuaji yumo ndani ya nyumba. Lakini ukweli ungemrudisha Jumbe kwenye maswali, na maswali yangelifunga geti. Akasubiri Murielle atoke kwanza. Akishatoka tu, atasema.

Mtu aliingia upande wa dereva, mvua ikamficha uso, na injini ikawaka. Taa nyekundu za nyuma zikang'aa mvuani, matairi yakarusha maji, gari likapita katikati ya geti. Ruphin akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu adhana. Kumbe yupo mtu aliyejitolea kuendesha, Mungu ambariki.

Geti likaanza kufunga.

"Njoo, kaka," Selemani aliita kutoka ndani, bila kugeuka. "Usiniache hapa peke yangu na mawazo."

"Tono," alisema Ruphin, "nisikilize. Selemani amedanganya. Nimedanganya mimi, naye akanifuata. Yule aliyejua ni..."

Alisita, akachungulia ndani kupitia mlango ulio wazi. Kiti alichokalia Fauzia kilikuwa kitupu. Ngazini hapakuwa na mtu, na Shufaa alikuwa peke yake jikoni, ameinamia sinki.

"Tono, nani anaendesha ile gari?"

"Nani mwingine?" Jumbe alishangaa. "Fauzia. Mwenyewe ameniomba. Anampenda sana msusi wake."

Ruphin alitupa upanga, akalikimbilia geti. Lilijifunga mbele ya vidole vyake. Kati ya nondo mbili aliuona ushungi wa kijani kwenye dirisha la dereva. Njia ya hospitali ni kushoto. Gari lilifika kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, ikawaka kijani, likakata kulia.